Wali wa mbuzi kwa ndizi, karibu na soko la Mbuyuni, Moshi

Nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu nilisubiri dakika 40.

Sisi Wachaga ndizi tunaijua ndani ya mtori na machalari. Hapa, kwenye hoteli ya Wasomali, unaletewa ndizi mbivu na ganda lake, unamenya, unaila pamoja na wali wa iliki na zabibu. Nilicheka, kisha nikaomba ya pili. Pilipili yao ya kijani iguse kwa ncha ya kijiko tu. Sahani 8,000.

Ukutani, kando ya leseni ya biashara, kuna kadi ya rangi ya waridi kwenye fremu. Mama mwenye hoteli, Msomali wa Garissa, alisema ni ya marehemu baba yake. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwachuja Wasomali peke yao. Waliokubaliwa kuwa raia wakapewa kadi hizo, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho kama Mkenya yeyote. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, polisi wakazoa maelfu ya watu, wengi Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kuwafungia baadhi yao uwanja wa Kasarani. Mdogo wake alikuwemo, na kitambulisho mfukoni.

Meza ya jirani kaka mmoja alininong'oneza, "Hawa hamwaogopi?" Alikuwa anamalizia bakuli la pili la supu!

Sambusa zinaisha saa 4 asubuhi. Ijumaa mchana wanafunga kwa swala, usiende saa 7.