Publication 517 ya IRS kwa wachungaji walioko Marekani: ni bure, ina ugumu wake, isome kabla hujamlipa mtu

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo: kama wewe ni mchungaji au padri unayetumika Marekani, au mwenzi wako ndiye mtumishi, shusha hiki kijitabu leo leo kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ni pdf, hakiuzwi. Nakipa nyota nne kati ya tano na hiyo moja niliyokata nitaieleza huko chini.

Mimi ni mhazini wa kanisa, hundi ya mchungaji naandika mimi na W-2 yake, ile fomu ya mwaka ya mshahara na makato ya mwajiriwa, naijaza mimi, kwa hiyo nimekisoma nikiangalia upande wa kanisa na upande wa nyumbani kwake pia. Na ninaandika hii kwa sababu makanisa yetu mengi ya Waswahili huku yanaanza na watu kumi na tano sebuleni, baadaye yanakua, mchungaji anaanza kupewa mshahara, na hakuna hata mmoja kwenye baraza la wazee anayejua kwamba mshahara wa mchungaji haushughulikiwi kama mshahara wa mtu wa ghala au wa hospitali. Anaanza kulipwa tu kama mfanyakazi mwingine na shida inaanzia hapo.

Jambo ambalo kijitabu kinalieleza vizuri kuliko yote, na peke yake linatosha kukufanya ukisome, ni kwamba mchungaji mbele ya sheria ya kodi ya Marekani ana hali mbili kwa wakati mmoja. Kwenye kodi ya mapato kwa kawaida anahesabiwa mwajiriwa wa kanisa, ndiyo maana anapewa W-2. Lakini kwenye Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya uzeeni), kwa kazi ile ile na hela ile ile, anahesabiwa amejiajiri. Maana yake kanisa halimkati Social Security na wala halimchangii ile nusu ya mwajiri, yeye mwenyewe ndiye analipa zote mbili kupitia Schedule SE, fomu ya kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, yaani 12.4 ya Social Security na 2.9 ya Medicare. Kwa mhazini mwenzangu: visanduku vya 3 na 5 kwenye W-2 ya mchungaji vinabaki vitupu. Ukiona vimejazwa jua kuna mtu amemchukulia mchungaji kama karani.

Sasa watu husikia 15.3 wakadhani inapigwa kwenye hela inayotozwa kodi ya mapato, hapana. Chukua mchungaji anayepata dola 42,000 kwa mwaka, ndani yake 18,000 kanisa limezitenga kama posho ya nyumba na zote zimetumika kwenye nyumba. Kodi ya mapato inaangalia 24,000 tu. Ila kodi ya kujiajiri inaangalia 42,000 yote, unazidisha kwa asilimia 92.35 unapata 38,787, halafu asilimia 15.3 ya hiyo ni kama dola 5,934. Hiyo ni hela nyingi kwa familia yenye watoto watatu, na haijakatwa popote, inamsubiri mwezi wa nne. Nusu yake anaruhusiwa kuitoa kwenye kipato kabla ya kodi ya mapato, inasaidia kiasi lakini deni la 5,934 linabaki pale pale. Hata anayekaa nyumba ya kanisa bure, thamani ya kupangisha ile nyumba inaingia kwenye hesabu ya kujiajiri.

Na kwa kuwa kanisa halilazimiki kumkata mchungaji kodi kwenye mshahara, asipojipanga hakuna kinacholipwa mwaka mzima. Kuna njia mbili. Alipe mwenyewe kwa fomu 1040-ES, ya makadirio ya kodi, mara nne, tarehe 15 mwezi wa nne, wa sita, wa tisa na mwezi wa kwanza wa mwaka unaofuata. Au akubaliane na kanisa wamkate kwa hiari kupitia W-4, fomu ya kuelekeza makato ya kodi, na anaweza kuomba akatwe zaidi ili ifunike na ile ya kujiajiri. Mimi nashauri hii ya pili kwa nguvu zote. Najua wapo wanaosema kulipa mwenyewe kunampa mtu uhuru na hela yake, sawa, lakini mchungaji ndiye mtu wa kwanza kupigiwa simu kukiwa na msiba, ndugu amekwama, mtoto wa mtu karo, na ile hela iliyowekwa pembeni ya kodi ndiyo inayoondoka. Ikatwe kabla haijafika mkononi.

Kuhusu posho ya nyumba, na hapa ndipo nyota imekatika. Kijitabu kinaeleza kanuni ila kwa ufupi mno ukilinganisha na uzito wake kwa familia ya mchungaji. Kanuni ni kwamba unayoweza kuiondoa kwenye kodi ya mapato ni kile kilicho kidogo kati ya vitu vitatu: kiasi ambacho kanisa lilitenga, kiasi ulichotumia kweli kwenye nyumba, na bei ya soko ya kupangisha nyumba hiyo ikiwa na fanicha zake pamoja na bili za umeme na maji. Kinachozidi kinarudi kwenye kipato chako na wewe ndiye unatakiwa kukirudisha. Na lazima kanisa litenge KABLA ya kulipa. Narudia kwa wazee wa kanisa, kabla. Huwezi kukaa Desemba ukasema tuandike kwamba dola 18,000 za Januari hadi Novemba zilikuwa za nyumba, zimeshapita kama mshahara wa kawaida, unaweza kutenga za kuanzia hapo kwenda mbele tu. Kwa hiyo kikao cha mwezi wa kumi na mbili kiweke hili kwenye ajenda kila mwaka, liingie kwenye muhtasari, kiasi kitajwe kwa dola, mwenyekiti na katibu wasaini. Kijitabu hakikupi mfano wa maneno ya huo muhtasari, wala mfano wa karatasi ambayo mchungaji angejaza makadirio ya kodi ya pango, mkopo, bima, matengenezo, samani. Hilo lilikuwa jambo dogo sana kuliweka na lingeokoa makanisa mengi madogo.

Faida yenyewe ni ya zamani, ya nyumba ya kanisa ilianza 1921 na ya posho ya fedha ikaongezwa 1954, na ilipopingwa mahakamani mahakama ya rufaa ya mzunguko wa saba iliipitisha mwaka 2019 kwamba haivunji katiba. Nayataja haya kwa wale wachungaji wanaoogopa kuitumia wakidhani ni ujanja. Ni sheria, itumie, ila tunza risiti.

Sehemu nyingine iliyoandikwa vizuri ni fomu 4361, ile ya kuomba kutolewa kwenye Social Security kwa mapato ya huduma. Hii naomba usome mistari yote usiruke. Unaijaza ukiwa unapinga kwa dhamiri au kwa msingi wa imani kupokea bima ya serikali kwa ajili ya huduma yako kama mtumishi, na unatakiwa uwe umeshalijulisha kanisa lililokuwekea mikono. Kwamba unataka kuokoa 15.3 si sababu. Mwisho wa kuipeleka ni tarehe ya mwisho ya ritani (fomu ya kodi ya mwaka) ya mwaka wa pili ambao ulipata angalau dola 400 za kujiajiri na sehemu yake ikatokana na huduma, IRS wakishakutumia karatasi inayoeleza sababu zinazokubalika unasaini na kuirudisha ndani ya siku 90, na ikikubaliwa hutaiondoa. Kazi za nje ya kanisa bado zinakatwa na kukupa pointi za pensheni, lakini mchungaji ambaye huduma ndiyo kazi yake pekee maisha yote, akizeeka atakula wapi? Nimesikia watu wanashauriana hii fomu kwenye korido za makongamano kana kwamba ni punguzo la dukani na inaniuma, kwa sababu anayebeba mzigo miaka thelathini baadaye ni mke au mume wa mtumishi.

Kuna vitu vidogo vidogo nilivyovipenda. Kinasema wazi kwamba hela unazopewa kwa ndoa, ubatizo na mazishi ni kipato chako na zinatozwa kodi, lakini sadaka iliyotolewa kwa kanisa lenyewe si kipato chako. Kinamtofautisha mtawa aliyeweka nadhiri ya ufukara, kazi yake kwa shirika lake haiingii kwenye hii kodi ya kujiajiri. Kinakumbusha kwamba kwa kawaida hii kodi ni ya raia na wakaazi wa kikodi, hivyo mtumishi aliyekuja juzi na viza aanze kwa kujua yuko fungu gani. Halafu hii wengi hawaijui: kwenye ile nafuu ya kodi ya familia zenye kipato kidogo, posho ya nyumba inaingia kwenye hesabu ya kipato cha kazi hata kama haitozwi kodi ya mapato, isipokuwa kwa mwenye 4361 iliyokubaliwa. Kwa familia yenye watoto hiyo inaweza kubadilisha kiasi cha kurudishiwa.

Gharama za huduma, mafuta ya gari, vitabu, simu, soma kwa makini kwa sababu mazoea ya zamani yanapotosha. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2017 mwajiriwa haondoi tena kwenye ritani yake gharama za kazi ambazo hakurudishiwa. Suluhisho ni kanisa liwe na utaratibu ulioandikwa wa kumrudishia mchungaji kwa risiti na maelezo ya safari, hapo haihesabiwi kipato wala haigusi kodi ya kujiajiri. Kanisa linalompa mchungaji dola 300 kila mwezi "za mafuta" bila risiti linamwongezea mshahara unaotozwa kodi, hata kama nia ni njema.

Kinamfaa nani? Mchungaji mwenyewe, mhazini, na mhasibu wa kawaida ambaye hajawahi kuhudumia mtumishi. Ukitaka kumpima mhasibu kabla ya kumpa kazi muulize swali moja tu, posho ya nyumba inaingia kwenye Schedule SE au haiingii. Akisita au akitaka kukuandikia 1099, fomu ya malipo ya asiye mwajiriwa, badala ya W-2 bila kuuliza lolote kuhusu uhusiano wako na kanisa, shukuru na uondoke. Wainjilisti wanaozunguka makanisa mbalimbali wengine kweli wamejiajiri pande zote mbili, hao wasome kwa makini sehemu ya nani ni mwajiriwa. Anayetafuta bajeti ya nyumba, akiba ya watoto au madeni hatayapata humu, ni kodi tupu na kidogo kuhusu akiba ya uzeeni.

Kiingereza chake ni kile cha kodi, kizito, soma kurasa chache kwa siku ukiwa na W-2 ya mwaka jana mkononi, na hakikisha toleo ulilonalo ni la mwaka wa ritani unayoijaza, mwaka umeandikwa ukurasa wa kwanza juu.