Ala ya shaba kwa anayekwenda chuo cha muziki: ipi ununue kwanza, ipi uikimbie

Ukiwa unajiandaa kwa chuo cha muziki, mara nyingi una pesa ya ala moja tu, na hiyo moja itapulizwa kila siku kwa miaka mitatu au minne: mazoezini, kwenye bendi, kwenye okestra na mbele ya jopo la mtihani. Nimezipanga njia za kununua kuanzia ile ningemshauri mdogo wangu hadi ile ningemkataza. Kigezo changu kikubwa ni hali ya vali, au slaidi (bomba la kuvuta) kwa wapiga tromboni. Bomba lililobonyea, fundi hulinyoosha. Pistoni, zile zinazopanda na kushuka ndani ya vali, zikishalika, gharama ya kuzifufua inaweza kupita bei uliyonunulia.

1. Ala ya kitaaluma iliyotumika

Hii ndiyo naiweka juu, na kwa mbali. Tarumbeta kama Bach Stradivarius 180S37, Yamaha Xeno au Getzen Eterna lililochubuka vanishi au fedha ya nje hushuka bei sana, ilhali sauti yake iko palepale. Kwa tromboni, tafuta Bach 42 au Conn 88H. Kwa horni, Holton H179 au Conn 8D. Wanaouza ni wapigaji waliobadilisha ala, au waliomaliza chuo wakaingia kazi nyingine. Usinunue uso wa ala. Inayong'aa kupita kiasi huwa imesuguliwa, na kila inaposuguliwa chuma kinapungua.

Kwa tarumbeta, jaribio ni hili. Vuta kibomba cha vali ya tatu bila kukichomoa kabisa na bila kuibonyeza vali yenyewe, subiri sekunde chache, kisha ibonyeze. Ukisikia mlio mdogo wa "po!", pistoni bado inabana hewa vizuri. Ukimya maana yake hewa imeshavuja pembeni. Rudia kwa vali ya kwanza. Muuzaji mwelewa hatakasirika, na anayekasirika amekupa jibu.

Kisha mulika tochi ndani ya bomba la kwanza, lile linalopokea kipulizio. Madoa ya rangi ya waridi yenye kitone cheusi katikati ni dalili kwamba zinki imeanza kutoka kwenye shaba na bomba linaoza kutoka ndani. Bomba hilo hubadilishwa, kwa hiyo si lazima uondoke, lakini gharama yake itoe kwenye bei.

Tromboni ina jaribio lake. Simamisha slaidi wima, ifungue, uiachie ya nje ishuke polepole huku mkono ukiwa tayari kuidaka. Ikikwama mahali, mirija haiko sambamba au imebonyea.

2. Kuazima chuoni

Wapiga tuba, someni hapa kabla ya kwenda dukani. Tuba ni ghali mno, na vyuo vingi vina za kuwaazima wanafunzi. Zaidi ya hapo, aina inayotakiwa hutofautiana: Marekani wanafunzi wa okestra husukumwa kwenye tuba ya C, Uingereza ya Mi bemoli imeshika mizizi, na Ujerumani utakuta ya Si bemoli na ya F. Ukinunua kabla ya kujua mwalimu wako ni nani, unaweza kujikuta na mzigo wa kilo kumi usioutaka. Horni nazo uliza. Kama huna mahali pa kuazima, hakikisha unayonunua ni ya F na Si bemoli kwa pamoja. Yenye mfumo mmoja tu itakuchosha kwenye noti za juu.

3. Yufonia yenye mfumo wa kufidia, iliyotengenezwa China

Yufonia ni kama tuba ndogo, na hapa wazee wengi watanipinga. Mfumo wa kufidia, unaorekebisha noti za chini zinazopanda vali zikibonyezwa pamoja, ulivumbuliwa na David Blaikley na kupewa hataza mwaka 1874. Hataza hiyo ilikwisha zamani, hivyo kiwanda chochote kinaweza kuutumia. Kampuni za Uingereza kama John Packer na Wessex huuza yufonia za mfumo huu zinazotengenezwa China kwa bei iliyo chini sana ya zile za chapa maarufu ya Besson. Tatizo lake ni kwamba hazilingani: ya huyu tamu, ya yule vali zinagoma. Ipulize mwenyewe, au nunua panapokubali kurudishiwa.

4. Ala mpya ya daraja la kati

Yamaha YTR-4335GII ni mfano mzuri. Inapiga kwa uhakika, ina dhamana, haina fumbo lolote. Naiweka hapa kwa sababu moja: kwa pesa hiyohiyo, namba moja mara nyingi inakupa ala usiyolazimika kuibadilisha ukihitimu.

5. Ala mpya ya mwanafunzi

YTR-2330 haina ubaya. Kama unayo tayari, usiiuze kwa hofu ya usaili. Nunua kipulizio kizuri kwanza, upige miezi miwili, ndipo uamue.

6. Ala zisizo na jina

Zambarau, buluu, nyeusi, na bei inayokufanya usugue macho. Chuma laini, vipimo vya vali vya kubahatisha, vipuri havipatikani, ndiyo maana mafundi wengi hawataki hata kuzigusa. Hizi achana nazo.

Usimalize bajeti yote kwenye ala. Tenga pesa ya kuifanyia huduma ya kwanza, kwani iliyotumika karibu zote zinahitaji kusafishwa ndani na kubadilishiwa vizibo vya vali. Tenga pia ya kipulizio. Wapiga tromboni wanaohama kutoka bomba jembamba la milimita 12.7 kwenda pana la 13.9 wakumbuke hili: shina la kipulizio cha zamani ni jembamba, halitakaa. Na siku ya kukagua, nenda na mwalimu au mpigaji mkubwa kuliko wewe, aipulize kwanza yeye, wewe ukisimama mbali chumbani usikilize.