Kiungulia: ununue nini ukifika dirishani kwa muuza dawa

Ukiishi Kigoma na ukapenda kula, kiungulia utakifahamu tu. Ugali wa muhogo, migebuka iliyoungwa kwa mawese, tena saa nne usiku, halafu mtu huyo kitandani. Mafuta huchelewesha chakula tumboni na kulegeza mlango wa misuli ulio kati ya umio na tumbo, hivyo ukilala asidi inapanda kifuani. Mitaani tunasema "nina vidonda" kwa kila kinachochoma, na hapo ndipo hela zinapoanza kupotea.

Zangu zilipotea kwenye omeprazoli. Niliuziwa pakti bila maelezo, nikaiweka chini ya mto, nikawa nabugia kidonge kila moto ukiwaka. Wiki nzima sikuona nafuu. Nikaenda duka lingine, Mwanga, dada wa dirishani akaniuliza, "Kaka, unameza saa ngapi?"

"Kikianza kuchoma."

Akacheka. "Hiyo si ya kuzimia moto. Meza asubuhi, nusu saa kabla ya chai, kila siku."

Alikuwa sahihi. Omeprazoli hufunga pampu zinazotengeneza asidi, na pampu hizo huamka chakula kinapokaribia. Nguvu yake kamili huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kutoa noti, jiulize: kinanipata mara ngapi?

Kama ni mara moja moja, chaguo langu la kwanza ni vidonge vya kutafuna au dawa ya maji yenye aluminiamu na magnesiamu. Ndiyo rahisi mfukoni na hupatikana hata duka la dawa muhimu. Magnesiamu peke yake huharisha, aluminiamu hufunga choo, zikiwa pamoja zinapunguzana makali. Vidonge vitafune hasa, vilainike, usivimeze vizima. Udhaifu wake ni kwamba nafuu haidumu, na zinashika dawa nyingine tumboni zisifanye kazi: antibayotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, na vidonge vya madini ya chuma. Anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, aimeze saa mbili kabla ya dawa hizi, au saa sita baada yake. Muuzaji pengine hatakuuliza, basi mwambie mwenyewe, hata kwa kunong'ona.

Ya pili ni dawa za alijineti, kama Gaviscon. Kwa ushahidi peke yake ningezitanguliza. Alijineti hutokana na mwani; ikikutana na asidi hugeuka utelezi mzito unaoelea juu ya chakula kama mtumbwi, ukiziba njia ya kupandia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya majaribio kadhaa, ulikuta inatuliza kiungulia kuliko dawa za kawaida za kuzimua asidi, kama hizo za aluminiamu na magnesiamu. Imeshuka kwangu kwa sababu ya bei, na si kila duka linayo. Mjamzito anayeungua kila jioni, huyo nampa hii kwanza.

Kama kinakuchoma mara mbili au zaidi kwa wiki, hapo omeprazoli ya miligramu 20 inapanda juu ya zote, ukiitumia kama yule dada alivyosema. Siku 14 zikipita bila nafuu, au kikirudi mara tu unapoacha, nenda ukapimwe. Ila kuna suala la kuacha dawa kwanza: kipimo cha choo cha bakteria wa Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vingi, kinaweza kukudanganya usipoacha omeprazoli wiki mbili kabla. Wengi hupima wakiwa bado wanaimeza, wakaambiwa hawana kitu.

Famotidini, nayo ya kupunguza asidi, iko katikati: huanza ndani ya saa moja hivi na hudumu hadi saa 12. Ukikuta boksi la zamani la ranitidini, ndugu yake, nyumbani, liache. Aprili 2020 Marekani iliagiza iondolewe sokoni kwa sababu ya uchafu uitwao NDMA, unaohofiwa kuleta saratani.

Eno na magadi soda ya maandazi naziweka chini. Zinafanya haraka, unacheua, unajisikia mzima. Lakini nusu kijiko cha chai cha magadi soda kina takribani miligramu 600 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe 2,000 kwa siku. Mwenye presha, figo au mimba apite mbali. Wala usinywe tumbo likiwa limeshiba pomoni, maana gesi inahitaji nafasi.

Sasa mitishamba. Juisi ya kabichi ina historia: mwaka 1949 daktari Garnett Cheney wa California aliwapa wagonjwa 13 wa vidonda na akasema walipona upesi. Ni watu 13 tu, bila kundi la kulinganisha, na ni vidonda, si kiungulia. Shubiri ilijaribiwa Iran, matokeo yakachapishwa mwaka 2015: watu 79, wiki nne, dalili zikapungua. Ile ilikuwa sharubati iliyoandaliwa. Utomvu wa njano unaotoka ukikata jani ni dawa ya kuharisha. Tangawizi inasaidia kichefuchefu kuliko kiungulia, na wengine huwachoma zaidi. Chupa isiyo na lebo sokoni, "Baba, hii siku saba vidonda kwisha," hiyo siipangi popote, kwani sijui nimenunua nini.

Kwa wanaoungua usiku kuna ununuzi ambao hauko famasi: matofali mawili ya kuchoma. Yaweke chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kinyanyuke sentimita 15 hadi 20, na ulalie ubavu wa kushoto. Mke wangu alilalamika siku mbili kwamba anateleza.

Chakula kikikwama, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, ukikonda bila sababu, au kifua kikibana na jasho likikutoka, pita dirisha la dawa moja kwa moja hadi hospitali.