Kondomu ya kike FC2: inamfaa anayeuza ngono?

Mteja akipandisha dau ili aende peku, na mwenye nyumba anadai kodi kesho asubuhi, FC2 inasaidia nini? Hicho ndicho kipimo chetu. Kondomu ya kiume hushindwa hapohapo, maana anayeivaa ni mteja, na mara nyingi kichwani ameshajaa pombe. FC2 unaivaa mwenyewe, mapema, kabla hata bei haijatajwa (muda wa mwisho umeandikwa kwenye maelekezo ya pakiti), wala haisubiri uume usimame.

Si siri, lakini. Pete ya nje inaonekana na inagusika; mteja mkorofi anaweza kukuamuru uitoe. Anayekuuzia kwa maneno ya "mwanaume hajui kitu" anakudanganya.

Ni mfuko laini wa naitraili, urefu kama sentimita 17, wenye pete mbili. Chuchumaa, au weka mguu mmoja juu ya kiti. Bana pete ya ndani iwe kama namba 8, iingize, kisha tia kidole ndani ya mfuko uisukume mpaka ipite mfupa wa kinena. Pete ya nje ibaki nje, mfuko usijisokote. Mwanzoni huponyoka kwa sababu ya kilainishi, kwa hiyo jizoeze mchana nyumbani, usingoje kufika gesti.

Kosa kubwa ni uume kupita pembeni, kati ya mfuko na ukuta wa uke. Gizani na harakaharaka hutokea kirahisi, na mteja hatakwambia. Uongoze kwa mkono. Pete ya nje ikizama ndani, simamisha, toa, vaa mpya. Usivae pamoja na ya kiume, zitasuguana. Mkimaliza, sokota pete ya nje kabla hujainuka, ndipo uvute.

Jambo moja tunalipenda sana: naitraili haiharibiwi na mafuta. Ya kiume ya mpira ukiipaka Vaseline inachanika, na pasipo kilainishi cha maji wengi huishia kwenye mafuta.

Bei ndiyo inayoiangusha. Inazidi ya kiume mara kadhaa, na kila mteja anahitaji mpya. Ya bure ikikosekana zahanati, wapo wanaoifua na kuirudia. Usifanye hivyo, imetengenezwa itumike mara moja.

Kwa mwenye wateja wakali tungeiweka sambamba na PrEP (dawa ya kujikinga na VVU, inayotumiwa kabla ya ngono), ya vidonge vya kila siku au ya sindano, ambayo mteja hawezi kukuvua. PrEP haizuii mimba wala kisonono. FC2 inasaidia kuzuia vyote viwili. Ikichanika, ikipita pembeni au ukibakwa, na hutumii PrEP, wahi kituo cha afya upate PEP (dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio la hatari) ndani ya saa 72, unywe siku 28 zote. Kila saa inayopita inaipunguzia nguvu.