Angulon 90 ya kizamani: tamu, ila ikikutana na mnara inakuangusha

Nimekaa na hii lenzi ya Schneider Angulon ya mm 90 f/6.8 miezi minane sasa, naitumia na kamera ya filamu za inchi 4 kwa 5, na leo acha niseme yote maana mimi ndo niliwaponza watu wawili hapa Kampala wakanunua.

Utamu upo. Ni kadogo jamani, kanakaa kiganjani, filta yake mm 40.5 tu, naikunja kamera lenzi ikiwa ndani, naitia begini, huyo kwenye boda. Upana wake ni kama lenzi ya mm 28 kwenye kamera ya filamu ya mm 35. Ukilibana tundu la mwanga hadi f/22, katikati ya picha inakata kama wembe.

Sasa nikaenda nayo msikiti wa Old Kampala. Ule mnara ukiuinulia kamera unalala kinyumenyume, kwa hiyo kamera inabaki wima unapandisha ubao wa lenzi peke yake. Nikapandisha upana wa kidole kimoja tu, na kwa vile kwenye kioo cha nyuma, kile unachotazamia kabla ya kupiga, picha inakaa miguu juu, nikaona giza linaingia kona za chini, nikajidanganya ni kitambaa changu cheusi cha kujifunika kichwa kimeziba. Kusafisha filamu nyumbani, kona za mbingu kwenye negativu ziko wazi kabisa, mwanga haukufika, hakuna kitu. Duara la picha la Angulon, yaani duara la mwanga ambalo lenzi inamwaga kwenye filamu, ni kama mm 154 ukibana f/16, na filamu yenyewe kona kwa kona inalimaliza karibu lote, sasa utapandisha wapi?

Baadae nikaazima Super-Angulon f/8 ya rafiki, duara mm 216, mnara ukaingia wote na nafasi ikabaki. Lakini ile ni tofali, filta mm 67, na kamera yangu haikunjiki nayo ndani.

Halafu shata, kile kifaa cha lenzi kinachofungua na kufunga mwanga. Muuzaji aliandika inafanya kazi vizuri, kumbe sekunde 1 ilikuwa inakokota hadi unaweza kupiga chafya katikati, grisi ya zamani imeganda. Nikampelekea mzee mmoja fundi wa saa, akaiweka sikioni akacheka, "mwanangu, hii si saa tu hii?" Siku tatu ikapona.

Kwa mandhari na safari chukua Angulon, ni bei poa. Majengo marefu hapana, jipange ununue ile tofali. Yangu siiuzi, msiniulize.