Vidonge vya "Kuamsha Mafuta ya Kahawia": Nimevimeza Siku 30

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nina kopo la vidonge mlivyoniulizia sana, vile vinavyodai kuamsha mafuta ya kahawia ili yachome mafuta meupe. Nimevimeza siku 30 mfululizo. Ngoja nisogeze lebo karibu na kamera. Mnaona? "Imethibitishwa kisayansi", maandishi makubwa kabisa. Sasa nageuza kopo, nashuka hadi chini, kwenye maandishi madogo kama sisimizi: "kwa panya". Hapo ndipo penye kisa chote.

Tuanze na seli zenyewe. Seli ya mafuta meupe ukiitazama kwa hadubini imejaa tone moja kubwa la mafuta, na kiini chake kimesukumwa pembeni hadi kikawa bapa. Hiyo ni ghala. Na msiidharau jamani, ndiyo inayotoa leptini, homoni inayoupasha ubongo habari kwamba akiba ipo.

Seli ya kahawia ina vitone vidogo vidogo vingi, na imesheheni mitokondria, yaani vile vijitambo vya ndani ya seli vinavyotengeneza nishati. Madini ya chuma yaliyomo humo ndiyo yanayochangia rangi yake. Fikiria bwawa la umeme: maji yakipita kwenye mtambo, umeme unapatikana. Mitokondria nazo hufanya hivyo kwa protoni, chembe ndogo mno zenye chaji chanya. Lakini kwenye seli ya kahawia kuna protini iitwayo UCP1 inayofungua njia ya pembeni, protoni zinapita bila kuzungusha mtambo, na nishati inatoka kama joto. Mimi hapa hustaajabu kila mara. Kule kuvuja ndiyo kazi yenyewe!

Haya, panya. Ni mnyama wa gramu 25 hivi, na mwili mdogo hupoteza joto upesi mno. Ndiyo maana hubeba mafuta ya kahawia katikati ya mabega maisha yake yote. Lakini sikilizeni hili, maana lebo hailigusi: maabara nyingi hufuga panya kwenye nyuzi joto 22 hivi za Selsiasi. Wewe hapo uko raha mustarehe, yeye anahisi baridi, kwa sababu raha yake iko karibu na 30. Tanuri lake linawaka kabla hujampa dawa yoyote. Ukiongeza kichocheo juu ya moto huo, usishangae matokeo yakipendeza.

Binadamu je? Mtoto mchanga anayo, maana hana uwezo wa kutetemeka vizuri ili ajipashe joto. Kwa watu wazima, wengi waliamini yamekwisha, mpaka mwaka 2009 tafiti tatu zilipotoka katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine zikionyesha, kwa picha za PET, yaani picha za hospitali zinazoonyesha tishu zinazotumia sukari kwa wingi, kwamba yapo shingoni na hapa ninapogusa, juu ya mtulinga. Mojawapo ilipitia picha za watu 1,972, yakaonekana kwa asilimia 7.5 ya wanawake na 3.1 ya wanaume. Hao hawakuwekwa kwenye baridi kwanza. Ukiwapoza watu kabla ya kuwapiga picha, yanaonekana kwa wengi zaidi. Kwa hiyo yapo, ila ni kidogo, na kwa wengi wetu yamelala.

Kuyaamsha kwa dawa kunawezekana. Mirabegroni, dawa ya kibofu, ilifanya hivyo kwa vijana wenye afya, lakini kwa miligramu 200, wakati mgonjwa wa kibofu hupewa 25 hadi 50. Na mapigo ya moyo yakaenda mbio, presha ikapanda.

Turudi kwenye kopo. Ndani kuna dondoo ya pilipili na kafeini. Kila nilipomeza, baada ya muda uso ulipata moto, jasho jembamba likanitoka kwenye paji. Ndugu zangu, hilo ni pilipili kugusa mishipa ya fahamu inayohisi joto. Halithibitishi kwamba mafuta yoyote yamewaka. Mizani yangu ilicheza nusu kilo, juu na chini, kama inavyocheza siku zote. Na mtu mwenye presha au moyo asiguse vidonge hivi kabla ya kuongea na daktari.

Siwashauri mnunue. Hii ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Watengenezaji wakija na toleo jipya nitalipima tena kwa moyo mweupe, ila nawaomba jambo moja: yale maneno "kwa panya" yapandisheni juu, yakae mstari mmoja na "imethibitishwa", kwa herufi za ukubwa uleule.