Duka la sabuni za kupima, Ngamiani: mnaoishi nyumba ya pamoja nendeni

Hii naandika kwa wanafunzi wa hapa Tanga, hasa nyie mliopanga nyumba nzima mkagawana vyumba, choo kimoja, jiko moja, na kila wiki ugomvi wa nani hajadeki. Duka liko Ngamiani kwenye barabara za namba, halina bango la maana ila utaliona tu, madumu ya sabuni za rangi yamepangwa barazani na mafagio ya chelewa yananing'inia mlangoni.

Nalipenda kwa sababu moja kubwa. Nyumba yetu ratiba ilikuwepo, imebandikwa ukutani, jina na siku, na bado jiko linanuka. Watu tulikua tunaitana wavivu lakini ukiangalia vizuri mtu anafika zamu yake hamna sabuni, fagio limekatika, dekio limeoza kwenye ndoo, sasa adeki na nini? Na anayetoa hela ni yuleyule mmoja mpaka anachoka anaacha. Bumu likiisha hakuna anayetaka kununua chupa kubwa ya sabuni ya dukani halafu watumie wote. Hapa unapimiwa, unaenda na chupa yako tupu, lita moja tumechukua kwa buku jero, ukitaka nusu unapewa nusu bila kununiwa. Sisi tupo sita, kila mtu jero, lita mbili hizo hapo za vyombo na sakafu, hakuna mtu anayeweza kusema jero hana. Tangu tuanze hivo ratiba imeanza kufatwa yenyewe, kwa kweli nimefurahi sana maana nilishaanza kufikiria kuhama.

Sabuni yenyewe ni nzuri. Najua wengi mnapima sabuni ya maji kwa uzito wake, ikiwa nzito mnasema kali, ila ule uzito mara nyingi ni chumvi, hizi za kutengenezwa mtaani zinawekwa salfoniki ambayo ni tindikali, magadi ya kuituliza, slesi ya kutoa povu, halafu chumvi ndo inazifanya zivute, na chumvi ikizidi inarudi nyepesi kama maji. Kwahiyo angalia kama inakata mafuta ya sufuria la wali wa nazi, na angalia mikono. Ikiwasha au ngozi ikibabuka huenda ile tindikali haikutulizwa sawasawa. Ya hapa haijamuwasha mtu nyumbani kwetu, na tuna mwenzetu ngozi yake haipendi vitu vikali. Ya kijani inanukia sana kwangu, chukueni ya njano.

Kilichonishangaza ni mama mwenye duka. Nimefika nikamsalimia shikamoo mama, nataka dawa ya choo ile kali. Marahaba mwanangu, choo chenu cha sinki au kimesakafiwa simenti tu? Nikamwambia sinki lipo ila pembeni pote simenti. Akasema basi dawa iishie kwenye sinki, simenti piga brashi na sabuni, asidi inaila simenti ikishakwanguka uchafu unakaa humohumo na harufu haitoki tena. Na ni kweli, dawa nyingi za choo zina asidi, ndo inayotoa yale madoa ya njano yaliyoganda, lakini simenti nayo inaliwa. Angeweza kuniuzia chupa mbili akanyamaza. Mtu wa hivi wanafunzi tunamhitaji, maana wengi nyumbani tulikua tunafagia tu, mambo ya choo alikua anajua mama.

Fagio la chelewa ni buku, mafagio chukueni mawili, la chelewa liwe la nje na bafuni, na la ndani mchukue lile laini. La bafuni likiingia jikoni kazi yote bure. Mkitoka kuogelea Raskazone ule mchanga mkifagia kavu kwa fagio laini unatoka wote, mkikimbilia kudeki mnapaka tope. Dekio lao la nyuzi sikulipenda, mti wake mfupi mgongo unauma, na linachelewa kukauka, kwa unyevu wa Tanga kitu kisichokauka kinaanza kunuka siku hiyohiyo. Bora tambara la kudekia, mnalifua mnalianika juani. Stilwaya kwa sufuria msinunue kabisa, makumbi ya nazi yamejaa kila nyumba inayokuna nazi, omba tu utapewa.

Sasa kuna jambo moja sijapenda na nimemwambia mwenyewe kwa heshima zote. Jiki nayo wanapima, wanatia kwenye chupa za maji ya kunywa, haina lebo. Nyumba ya watu sita, mtu anarudi usiku umeme umekatika ana kiu, chupa ya maji ipo juu ya meza... Hapana. Jiki nunueni ya kiwandani iliyofungwa, hata mkichanga zaidi kidogo, ina kifuniko chake na imeandikwa ina nguvu kiasi gani. Ile ya asilimia 3.5 mililita 30 kwa lita moja ya maji inatosha kwa sakafu, vitasa na sehemu ya kuoshea vyombo, mnaosha kwanza na sabuni maana uchafu unaimaliza nguvu, mnapaka, mnaacha dakika kumi ndo mnasuuza. Maji yawe ya baridi, na mchanganye ya kutumia siku hiyo tu.

Na hili naomba mlisome vizuri: jiki isikutane na dawa ya choo. Asidi ikichanganyika na jiki inatoa gesi ya klorini, kwenye choo chetu hiki kisicho na dirisha mtu anaweza kuishiwa pumzi humo ndani. Mwenye zamu anatumia moja, anasuuza kwa maji mengi, nyingine ni siku nyingine. Sisi tumeandika mlangoni kwa maka peni.

Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, kuta za bafu zinaota ukungu mweusi hata mkisugua kila siku, sabuni peke yake haitoshi, fungueni milango upepo upite na msianike nguo mbichi ndani. Mama mwenye nyumba wetu aliyaona madoa akasema tunaharibu nyumba, tulivyomuonyesha tunavyosafisha akaleta fundi akatoboa tundu la hewa juu ya mlango, mambo yamekua nafuu.

Duka nalipa nyota nne kati ya tano, moja nimeipunguza kwa ajili ya ile jiki. Wanafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa wanafunga adhuhuri mpaka watu watoke msikitini, jioni panajaa akina mama lishe kwahiyo nendeni mapema. Chupa mwende nazo zimekauka, ikiwa na maji ndani sabuni inapungua nguvu, na jero jero mkusanye kabla hamjatoka nyumbani maana chenji pale ni shida.